Maskini Naye Ana Mababu

Katika Kitabu cha Ezra, sura ya pili, zimo habari za watu waliorudi Yerusalemu kutoka uhamishoni Babeli. Kati yao walikuwamo wana wa makuhani. Walipofika walitafuta majina yao katika orodha za nasaba, wasiyaone, na kwa sababu hiyo wakazuiwa wasiutumikie ukuhani. Nehemia naye aliandika habari ile ile. Maandiko hayasemi kwamba watu wale walikuwa wadanganyifu. Yasema tu kwamba walitafuta, wala hawakuona. Miaka ya uhamisho ilikuwa mingi, wazee walikufa ugenini, na aliyejua hakumwachia asiyejua.

Wasomaji wapenzi, jambo hili si la Babeli tu. Hapa Kisangani wako wengi watafutao majina ya babu zao wasiyaone. Mmoja ameulizwa na paroko, kabla ya ndoa, kama yeye na mchumba wake wana udugu wa damu, naye hajui hata jina la mama wa baba yake. Mwingine amezaa watoto mjini, nao wamuuliza wao ni watu wa wapi, naye hana la kuwajibu ila kuwatajia kartie wanakokaa. Ukiwauliza watu hawa kwa nini hawatafuti, jibu lao ni moja: kazi hiyo ni ya wenye fedha. Inataka safari, inataka karatasi na karani, tena labda inataka barua za kwenda Ulaya.

Ni kweli kwamba gharama ziko. Lakini nataka kuonyesha hapa kwamba sehemu kubwa ya habari za ukoo haiuzwi popote, na kwamba wengi hupoteza franga zao kwa sababu waanza mwisho badala ya kuanza mwanzo. Kilicho ghali kuliko vyote katika kazi hii ni wakati, kwa maana mzee akifa hakuna ofisi iwezayo kumrudisha.

Mji wa watu waliotoka mbali

Kabla ya kutafuta, yafaa kujua jinsi mji wetu ulivyopata watu. Wagenya walikuwa hapa penye maporomoko tangu zamani, wakivua samaki kwa mitego yao ya miti, na Wakumu walikaa msituni. Mwezi wa Januari 1877 Stanley alipita hapa akishuka na mto, na Desemba 1883 akarudi kuweka kituo. Wakati huo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wanakuja kutoka Nyangwe na Kasongo, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1887 mkubwa wao, Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip, alifanywa wali wa Stanley Falls na Dola Huru ya Kongo. Vita vya 1892 hadi 1894 vilivunja utawala wa Waarabu katika nchi hii, lakini watu waliokuja nao hawakurudi wote. Wengi wa Wangwana walibaki, na lugha yao ikabaki nao. Baadhi ya watu hao walikuja kwa hiari yao, na wengine walikuja wakiwa wamefungwa minyororo.

Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadre wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Misioni nyingi za siku zile katika Kongo zilipokea watoto yatima na watoto waliokombolewa utumwani, na watoto hao wakawa Wakristo wa kwanza. Kisha ikaja reli. Mwaka 1906 treni ilianza kwenda kutoka Stanleyville mpaka Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, mwendo wa kilometa 125. Reli na meli zilileta wafanya kazi, makarani, askari na mabaharia wa mto kutoka pande zote. Mwaka 1931 Wabelgiji walitoa amri ya kuweka katika miji sehemu za watu walioishi nje ya utawala wa machifu wao, na tangu hapo mtu wa mjini aliweza kuandikwa mjini, si kwa chifu wa baba zake. Mwaka 1933 likaanzishwa shirika kubwa la utafiti wa kilimo, ambalo lilifanya Yangambi makao yake, nalo likavuta watu wengine wengi.

Kwa nini nayaeleza haya katika habari ya gharama? Kwa sababu katika kutafuta ukoo, mbali ndiko kunakokula fedha. Jamaa wa Kisangani mara nyingi hana kwao kumoja. Baba wa baba alitoka chini ya mto, mama wa baba Maniema, baba wa mama Bafwasende. Asiyejua babu yake alikuja kwa njia gani atalipa nauli ya mtumbwi usiokwenda kwao. Basi kazi ya kwanza ni kujua ukoo ulifika hapa mwaka gani, kwa kazi gani, ukitoka upande upi. Kazi hii haitaki nauli. Yataka kuuliza.

Jina ni kitabu cha kwanza

Tazama jina la yule wali wa zamani. Aliitwa Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi. Katika jina hili mmo yeye, baba yake, babu yake, baba wa babu yake, na kabila lao. Zaidi ya hayo, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayapiga chapa Berlin katika miaka 1902 na 1903. Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905, na mpaka leo anayetaka kuijua nasaba yake haoni shida. Lakini wale maelfu waliobeba pembe zake vichwani, nani aliandika majina yao? Hakuna. Wala tusidanganyike kusema kwamba bwana alikuwa na mababu na mpagazi hakuwa nao. Wote wawili walikuwa nao. Tofauti ni kalamu tu.

Tena wako watu wetu ambao hawakuhitaji kalamu. Walokele, walio kando ya mto chini ya mji, wana ngoma ya mti ambayo hupeleka maneno mbali. Mmisionari Mprotestanti John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu na pande zile miaka mingi, alijifunza lugha ya ngoma hiyo na kuandika kitabu juu yake mwaka 1949. Alieleza kwamba mtu ana jina lake la ngoma, nalo kwa kawaida lina sehemu tatu: lake mwenyewe, kisha sehemu ya jina la baba yake, kisha kijiji cha mama yake. Fikiri, msomaji: kila mara mtu yule alipoitwa kwa ngoma aje nyumbani, nasaba yake ilisomwa mbele ya vijiji vyote, bila karatasi na bila malipo. Kama mzee mmoja wa ukoo wako bado alikumbuka jina la ngoma la babu yake, liandike leo. Limebeba baba na mama, na wasiojua kulipiga wanazidi kuliko wajuao.

Makabila mengine nayo yana njia zao. Mtoto hupewa jina la babu au nyanya, yaani makoko kama tusemavyo mjini. Mwingine huitwa kwa tukio la siku aliyozaliwa. Pacha wana majina yao. Mtu asipite juu ya jina bila kuuliza nani alilitoa, kwa heshima ya nani, na kwa nini.

Lakini majina yana mitego, na anayeitafuta nasaba yake asipoijua atapoteza siku nyingi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliamuru watu waache majina ya Kizungu na kuchukua ya mababu. Aliyebatizwa Yosefu mwaka 1958 akaitwa jina jingine kazini, shuleni na katika hati zake. Hata watoto wa baba mmoja walichukua majina mbalimbali, mmoja la babu huyu, mwingine la babu yule. Kwa hiyo ukienda parokiani ukataja jina la leo tu, utaambiwa kwamba mtu huyo hayumo. Yumo, ila kwa jina jingine. Vivyo hivyo majina ya mahali: Stanleyville iliitwa Kisangani tangu 1966, Ponthierville ikawa Ubundu, na wilaya ya Tshopo ikawa jimbo la peke yake mwaka 2015. Karatasi ya zamani haijui majina mapya.

Wazee na kalenda yao

Baada ya jina ni wazee. Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini wazee wengi hawajui mwaka waliozaliwa, wala mwaka babu zao walipokufa. Kijana aliyesoma huona hapo amefika mwisho wa njia. Sivyo. Mzee ana kalenda yake, ila haina tarakimu. Yatupasa sisi kuziweka.

Muulize alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa tukio lililojulikana na wote. Kwa nchi yetu matukio hayo ni mengi: vita vya Waarabu, 1892 hadi 1894, treni ya kwanza ya Ponthierville, 1906, vita vya Ulaya vya 1914 na vya 1939, Uhuru, Juni 30, 1960, maasi ya Simba, 1964, kubadilishwa jina la nchi kuwa Zaire, 1971, kunyang'anywa maduka ya wageni, mwisho wa 1973, kuingia kwa askari wa Kabila mjini, Machi 1997, vita vya siku sita, Juni 2000. Tuseme nyanya mmoja alikuwa akiwaambia wajukuu zake kwamba treni ilipopiga honi mara ya kwanza yeye alikuwa tayari akichota maji, lakini hajavunja ungo. Hapo twajua kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1896 au 1898. Si hakika kamili, ila latosha kujua ni kitabu kipi cha ubatizo kifunguliwe, nacho si kidogo.

Mwanahistoria Mbelgiji Jan Vansina, aliyeishi kwa Wakuba wa Kasai, alitoa mwaka 1961 kitabu juu ya mapokeo ya mdomo. Alifundisha kwamba neno la mdomo ni ushahidi wa kweli wa historia, lakini lazima lipimwe kama ushahidi wowote. Nani alimwambia huyu anayesema? Naye alisikia kwa nani? Ana faida gani katika neno hili? Nasi tufanye hivyo. Tuwaulize wazee watatu, kila mmoja peke yake, siku mbalimbali. Wakipatana, tuandike. Wakipingana, tuandike yote matatu na jina la kila msemaji, tusichague lile lipendezalo. Kwa kazi hii vyahitajiwa daftari moja la shule, kalamu, na sukari kidogo ya kumpelekea mzee, kwa maana si adabu kwenda kwake mikono mitupu. Mwenye simu anaweza pia kuihifadhi sauti ya mzee. Sauti hiyo itakuwa mali siku ambayo mwenyewe hayupo.

Vitabu vya Kanisa

Sasa tufike parokiani. Si watu wote wanaojua kwamba kuandika ubatizo ni sheria ya kale. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaamuru maparoko kuandika ndoa na ubatizo, na Kitabu cha Ibada cha Roma cha 1614 kikaongeza vitabu vingine, pamoja na kile cha waliokufa. Kwa hiyo mapadre walipofika hapa walileta desturi hiyo. Padri aliyembatiza mtoto wa mtumwa aliandika mstari wake kama vile angeandika wa mtoto wa mfalme. Katika nchi hii ambamo maskini hakuandikwa ila kwa ajili ya kodi na kazi, kitabu hiki kilimwandika kwa ajili ya wokovu wake.

Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 877, yaeleza yapasayo kuandikwa: jina la mbatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mahali na siku ya ubatizo, mahali na siku ya kuzaliwa. Tena pembeni mwa mstari huo huandikwa kipaimara, na ndoa, na daraja takatifu, na nadhiri za kitawa. Kwa hiyo mstari mmoja waweza kukuonyesha mtu tangu kuzaliwa mpaka arusi yake katika parokia nyingine. Usiwasahau wasimamizi. Mara nyingi msimamizi ni shangazi au rafiki wa baba wa kijiji kile kile. Pale ambapo mstari wa wazazi ni mtupu, kama ilivyoweza kuwa kwa watoto waliokombolewa, jina la msimamizi laweza kuwa mlango pekee uliobaki.

Je, yagharimu nini? Paroko si karani wako wa siku nzima. Ana wagonjwa, ana misa, ana vigango vya mbali. Njia iliyo rahisi kwake na kwako ni kwenda ukiwa umejiandaa. Andika kwenye karatasi moja: jina la ubatizo, majina mengine yote, majina ya wazazi, mwaka unaodhani pamoja na miaka mitatu kabla na mitatu baada, na jina la misioni. Ukileta karatasi hiyo, atatafuta kwa muda mfupi. Ukisema tu kwamba watafuta habari za babu, utaambiwa rudi juma lijalo, nawe utalipa toleka mara nne. Shukrani yoyote upendayo kuiacha iwe sadaka kwa parokia, wala mtu asiombe hongo kwa mstari wa ubatizo. Na kama wahitaji nakala ya hati inayohusu hali yako mwenyewe, kanuni ya 487 yasema una haki kuipata wewe au mtu uliyemtuma.

Neno jingine litakalokuokolea nauli: kitabu hukaa katika parokia, si kwa askofu. Vikarieti ya Stanley Falls ilikuwa kubwa sana, na sehemu zake zikawa majimbo mengine. Wamba ilitengwa mwaka 1949. Stanleyville ikawa jimbo kuu mwaka 1959. Uliza kwanza parokia ile ya zamani leo ni ya jimbo gani, ndipo uandike barua au upige simu. Kutuma habari kwa katekista wa huko ni bei ndogo kuliko kusafiri siku tatu kwa mto.

Twapaswa pia kujua kwamba si vitabu vyote viko. Katika mwaka 1964 na 1965 misioni nyingi ziliporwa, mapadre na watawa wakauawa. Mwenye Heri Anuarite aliuawa Isiro usiku wa kuamkia Desemba 1, 1964, na Mgr. Joseph Wittebols, askofu wake wa Wamba, aliuawa siku chache kabla yake. Palipomwagika damu ya namna hiyo, karatasi hazikuwa salama. Tena vita vya siku sita, Juni 5 mpaka 10, 2000, ambamo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wetu, viliharibu nyumba zaidi ya 4,000. Hesabu masanduku yaliyokuwa chini ya vitanda katika nyumba hizo, na hati zilizokuwa ndani ya masanduku.

Karatasi za serikali na za Ulaya

Wengi huanzia hapa, na ndipo wanapochoka. Karatasi za serikali ya kikoloni ziko, lakini zimetawanyika. Nyingine ziko Kinshasa, mwendo wa kilometa zaidi ya 1,700 kwa mto. Nyingine zilipelekwa Ubelgiji. Nyingi zaeleza mambo ya utawala: kodi, kazi, barabara, kesi. Jina la babu yako laweza kuwamo kama alikuwa askari, karani, chifu au mfungwa. La sivyo utalipa sana kwa kupata kidogo. Kwa hiyo ngazi hii ni ya mwisho, na apandaye awe na mwaka, mahali na jina mkononi. Hapo barua moja yenye maswali matatu yaliyo wazi yafaa kuliko safari yenye maswali thelathini. Mashirika ya wamisionari nayo hutunza barua na picha za zamani, na ujumbe kwa simu au kompyuta hauna gharama kubwa.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo lazidi nguvu za maskini, na haki yataka tulitaje. Wakati wa ukoloni serikali ya Ubelgiji iliwatenga watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika na mama zao, ikawaweka katika misioni, na wengine wakapelekwa Ulaya. Watoto hao wakikua hawakujua mama ni nani, wala baba ni nani. Hapa hatuwezi kusema: anza na wazee wa nyumbani. Nyumbani kwenyewe walinyang'anywa. Bunge la Ubelgiji lilitoa azimio mwezi wa Machi 2018 kwamba karatasi zao zifunguliwe, waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha Aprili 2019, na tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliamua kwamba kuwanyakua wanawake watano wa namna hiyo kulikuwa ni kosa dhidi ya ubinadamu, ikaamuru walipwe fidia. Hapo twajifunza kwamba gharama ya kutafuta haimpasi daima anayetafuta. Aliyezificha karatasi ndiye apaswaye kulipa.

Jihadhari pia na wauzaji. Kuna vipimo vya mate vinavyouzwa kwa dola nyingi. Vyaweza kukuambia sehemu za Afrika, lakini jina la nyanya yako havilijui. Na mgeni akija kutaka kupiga picha vitabu vya ubatizo, apelekwe kwa paroko na kwa askofu. Mwaka 2008 Roma iliwaandikia maaskofu kwamba vitabu hivyo visitolewe kwa shirika la nasaba la Wamormoni. Haja yako ya haki na haja ya mgeni si kitu kimoja.

Mzigo wa wengi

Mtu mmoja akitaka kuyafanya haya yote peke yake, atashindwa. Lakini ukoo si wa mtu mmoja. Haba na haba hujaza kibaba. Twajua kufanya likelemba kwa ajili ya duka na kwa ajili ya ada za shule. Kwa nini tusifanye kwa ajili ya safari moja ya kijiji cha babu? Watu kumi wakitoa kidogo kila mwezi, mwisho wa mwaka mmoja wao atakwenda Opala au Basoko kwa niaba ya wote, akiwa na maswali ya wote.

Tena iko nafasi ambayo tayari tumeilipa: matanga. Katika matanga hukutana wazee wa pande zote, waliokuja kwa nauli zao wenyewe, nao hukaa siku kadhaa. Twatumia fedha nyingi kwa chakula na turubai, kisha twaachana bila kuandika jina moja. Ukoo na uchague mwandishi mmoja, kijana mwenye subira na mwandiko mzuri. Kila matanga na kila mazungumzo ya mahari awepo na daftari lake. Na daftari hilo linakiliwe mara tatu, moja likae Mangobo, moja Kabondo, moja Lubunga. Mwaka 2000 ulitufundisha kwamba nyumba moja haitoshi.

Tusiache kuandika na ya leo pia. Sheria yetu yataka mtoto aandikwe kwa serikali katika siku 90. Zikipita, yahitajiwa hukumu ya mahakama, pamoja na gharama zake. Mzazi aliyechelewa leo amemwekea mjukuu wake deni.

Nasaba si silaha

Mtume Paulo, akimwandikia Timotheo, alimwonya juu ya nasaba zisizo na mwisho ziletazo mabishano. Onyo hilo latuhusu. Tangu mwaka 2023 mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ng'ambo ya kushoto ya mto, umemwaga damu na kufukuza watu wengi vijijini mwao. Mahali penye ardhi, neno la babu yangu alitangulia laweza kugeuka panga. Kama mtu atafuta ukoo ili apate kumwambia jirani yake kwamba hana kwao, afadhali aache daftari lake jeupe.

Yako pia mambo ya aibu ambayo wazee huyaficha. Wengine katika sisi ni wajukuu wa watumwa, wengine ni wajukuu wa waliowafunga, na wengine ni wajukuu wa wote wawili. Methali yasema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini yuko ambaye asili yake yenyewe ni utumwa, na hiyo nayo si ya kuachwa. Mwinjili Mathayo alipoandika nasaba ya Bwana wetu hakuwaondoa Tamari, wala Rahabu wa Yeriko, wala Ruthu Mmoabu, wala mke wa Uria. Wageni wamo, na dhambi imo, na Mwokozi alizaliwa humo. Tusiwe wachaguzi kuliko Injili. Mzee akikuambia neno la siri, liandike kwa kweli na ulitunze kwa upendo, usiende kulitangaza sokoni.

Tena kwa sisi Wakristo iko faida ambayo asiye na imani haioni. Mwezi wa Novemba twawaombea marehemu. Wengi wetu husema: nawaombea mababu wote, kwa kuwa hatujui kuwataja. Mungu awajua, wala sala yetu haipotei. Lakini ni vyema namna gani kumtaja mtu kwa jina lake, yule aliyepasua kokoto za reli, au yule mama aliyeletwa hapa akiwa mtoto na wageni, ambaye labda tangu afe hakuna aliyelitamka jina lake mbele ya altare!

Basi anayesoma kurasa hizi asingoje fedha. Na atafute yule aliye mzee kuliko wote katika ukoo wake, amwendee juma hili, amwulize mambo matatu tu: jina la mama wa baba yako ni nani, alizaliwa wapi, na nani alimzika. Yaliyobaki yataka nauli, nayo yatangoja mpaka nauli ipatikane. Mzee hawezi kungoja.